Mlete akiwa bado anakunywa

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliyekuja kliniki kuulizia kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, watu wenye tatizo la pombe wanaosaidiana kuacha) kwa ajili ya mwanawe. Nilimwandikia siku, saa na mahali. Akakikunja kile kikaratasi, akanishika mkono: "Mwanangu, ngoja aache kwanza. Akimaliza hata mwezi bila kuonja, nitamleta mwenyewe. Hivi alivyo ataniaibisha."

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, upande wa uraibu, na hakuna sentensi inayonichosha kama hiyo. Mtu anayeweza kukaa mwezi mzima peke yake bila pombe aje kikundini kutafuta nini? Sharti la AA ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Unataka, basi. Hakuna mahali paliposemwa uwe umeshaacha.

Na hata walioanzisha jambo lenyewe hawakuanza wakiwa safi. Bill W. alipokutana na Dkt. Bob huko Akron, Ohio, Mei 1935, yeye alikuwa na miezi michache tu tangu aache, na mwenzake, daktari wa upasuaji, alifika na hangova. Walizungumza kwa saa nyingi. Baada ya hapo Dkt. Bob aliteleza tena akiwa safarini. Pombe yake ya mwisho ilikuwa bia aliyopewa asubuhi ya upasuaji ili mikono itulie, na AA inaihesabu tarehe 10 Juni 1935 kuwa mwanzo wake. Angeambiwa aache kwanza ndipo aje, pasingekuwa na AA.

Kinachonitia hasira hasa ni jinsi hilo "aache kwanza" linavyotekelezwa majumbani. Kijana anafungiwa chumbani na jagi la maji, mlango unatiwa kufuli, ndugu wanapeana zamu. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiziwa ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 huanza mtetemo, jasho na moyo kwenda mbio. Degedege huja zaidi kati ya saa 6 na 48. Kisha, siku ya pili hadi ya nne, wapo wanaoanza kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, hawamtambui aliye mbele yao. Nyumbani husemwa ana majini. Hali hiyo huua, na hospitali tuna dawa yake: diazepam kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1 ya sindano, ambayo itangulie kabla ya dripu ya glukosi. Kwa hiyo anayehitaji kutoa loki, yaani kunywa pombe asubuhi, ndipo aweze kufunga vifungo vya shati, msimkatizie nyumbani. Mleteni kliniki, na wiki hiyo hiyo aende kikundini.

Kukipata si kazi kubwa. Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au uliza kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya kaunti. Thibitisha kabla ya kutoka, maana vikao huhamahama. Kikao cha wazi anaingia yeyote, hata mama mtu. Kilichofungwa ni cha wenye tatizo la pombe peke yao. Hakuna ada, kofia hupitishwa mwenye chochote akatia. Jina moja latosha. Vikao vingi hukaa kwenye kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa bei nafuu, na Waislamu wamo tele. Familia nazo zina vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951.

Mimi hualikwa vikao vya wazi. Kimoja alikuja mwanamume mikono ikimtetemeka hata chai haishikiki. Mzee anayegawa chai hakumuuliza kitu: alimjazia kikombe nusu, akakiweka mezani, akageukia mwingine. Yule bwana aliinama, akakifuata kikombe kwa mdomo. Hakuna aliyemtazama. Wote pale walishawahi kunywa chai namna hiyo, na sijui ni wodi gani ningeweza kumpa kitu kama kile.

Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yaliona kwamba kumwandaa mtu na kumwunganisha na AA humsaidia kubaki bila pombe kwa kiwango kisichopungua tiba nyingine, na mara nyingi zaidi. Nayaamini. Ila tafiti zile nyingi ni za Marekani, na nikikaa na familia ya watu kumi chumba kimoja, juu ya mangwe, pale panapouzwa pombe ya mnazi, najiuliza kama ninawaahidi zaidi ya ninachoweza.

Na lipo lingine. Anayekuja akinuka pombe huombwa asikilize tu, asiseme, na mimi nimelitetea hilo miaka yote. Lakini jioni moja kijana aliyekuwa na siku tisa bila pombe alinyanyuka katikati ya kikao akatoka, kwa sababu harufu ya mnazi ya mgeni aliyekaa kando yake ilimjaza mate mdomoni. Nilimfuata nje. Hakumlaumu mgeni, mimi ndiye niliyekosa la kumwambia. Alirudi baada ya wiki mbili, amekunywa mara moja kati yake, akauliza kama anaweza kukaa dirishani. Tukamwachia kiti cha dirishani. Mgeni yule naye alikuja, na bado alikuwa akinuka.