Mtoto Mmoja ni Asilimia Ngapi?

Tarehe 1 Oktoba ndiyo siku ninayolala usiku wa manane. Siku hiyo jimbo la Minnesota huhesabu wanafunzi wa kila shule ya umma, na mimi ndiye ninayetunza rejista ya shule ndogo ya chata. Wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huniuliza zile asilimia za wanafunzi kwa asili, kipato na lugha zinazotangazwa baadaye zinatoka wapi. Zinatoka kwenye fomu mnazojaza wenyewe, mara nyingi mmesimama, mtoto mwingine akivuta nguo.

Shule ya chata si ya binafsi. Ni shule ya umma, haina ada, ila inaendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba. Sheria ya kwanza ya shule hizi Marekani ilipitishwa hapahapa Minnesota mwaka 1991, na City Academy ya St. Paul ikafunguliwa mwaka uliofuata. Shule ya chata haina ruhusa ya kuchagua watoto: maombi yakizidi nafasi, majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Na fedha za serikali humfuata mtoto.

Sasa chukua shule ya watoto 80. Mtoto mmoja ni asilimia 1.25. Familia yenye watoto wanne ikihamia Iowa kufuata kazi ya kiwandani, asilimia 5 ya shule imeondoka na gari moja. Kwa hiyo ukisoma kwamba shule ndogo "imeporomoka", uliza kwanza ni vichwa vingapi.

Hesabu ya Oktoba ni kama picha ya pasipoti, inaonyesha siku moja tu. Fedha hukokotolewa kwa siku zote ambazo jina la mtoto limo kwenye rejista mwaka mzima. Homa ya siku tatu haipunguzi kitu. Lakini asipoonekana siku 15 za masomo mfululizo, sheria inanitaka nilifute jina lake, na hili linatuumiza sana sisi. Msiba unatokea Kigoma au Bukavu, familia inapanda ndege, hakuna aliyekumbuka kupiga simu shuleni. Mkirudi, mtoto anaandikishwa upya, na kama kuna wanaosubiri, nafasi yake huenda imeshachukuliwa. Tafadhali pigeni simu, hata mkiwa uwanja wa ndege.

Sehemu inayonikosesha raha zaidi ni ile inayouliza asili ya mtoto. Kwa zaidi ya miaka kumi fomu ya shirikisho imeuliza maswali mawili: je, mtoto ni Mhispania au Mlatino? Kisha, ni wa kundi gani kati ya matano? Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtoto wa Kisomali, na mtoto ambaye ukoo wake umeishi Mississippi tangu enzi za utumwa, wote wanaingia safu moja ya Weusi. Mwarabu wa Muscat anayeongea Kiswahili nyumbani huwekwa na Weupe. Machi 2024 serikali kuu ilibadilisha kanuni: swali liwe moja, na watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wapate kundi lao, ila idara zimepewa hadi 2029 kutekeleza. Minnesota ilitangulia mwaka 2016 kwa sheria ya kukusanya takwimu za makundi madogo zaidi.

Mzazi akiacha sehemu hiyo wazi, na tukimfuata asijibu, mwongozo unataka mtu wa shule ajaze kwa kumtazama mtoto. Nimewahi kufanya hivyo. Sipendi kumtazama mtoto wa watu usoni nikimtafutia kisanduku. Jazeni wenyewe. Kuhusu karatasi za uhamiaji msiwe na hofu: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1982, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo.

Fomu ya kipato nayo imekuwa hairudi tangu 2023, jimbo lilipoanza kuwalisha watoto wote bure. Irudisheni, kwani hesabu hiyo inaweza kusaidia shule kupata fedha.

Halafu kuna fomu ya lugha. Mama mmoja kutoka Uvira aliandika "Kiingereza" kote, huku akimnong'oneza bintiye kwa Kiswahili. Nikamuuliza taratibu.

"Dada, nikiandika Kiswahili si watamuweka nyuma?"

"Hapana, mama. Atapimwa Kiingereza. Akikiweza, basi. Asipokiweza, atapata mwalimu wa kumsaidia, na ukiona haumfai una haki ya kukataa."

Akafuta, akaandika Kiswahili. Kisha akarudi kwenye swali la lugha aliyojifunza mtoto kwanza, akashika kalamu muda mrefu.

"Bibi yake ndiye alimlea," akasema. "Kwanza alisema Kibembe."

Nikafungua orodha ya lugha za shule yetu. Kibembe hakikuwamo. Siku hiyo kikaingia, na mbele yake nikaandika 1.