Futuhi ya vitendo: mpeleka barua, baiskeli na nyuki asiyeonekana

Kuna kichekesho unachoweza kumsimulia mtu kwenye simu naye akacheka. Kuna na kile ambacho ukianza kukisimulia kinakufia mdomoni, mwisho unasema tu, "Aa, ungekuwepo ungeona." Hicho cha pili ndicho futuhi ya vitendo. Kicheko hakibebwi na maneno, kinabebwa na mwili wa mtu, vitu alivyovishika na wakati mambo yanapotokea.

Wengi hudhani maana yake ni kuanguka, kuteleza kwenye ganda la ndizi na kupigwa kofi. Hayo yamo, lakini ndiyo ya bei rahisi. Ukitaka kuiona ikifanywa kwa ustadi, itafute Jour de fête, yaani siku ya sherehe, filamu ya Kifaransa iliyotoka mwaka 1949. Aliyeiongoza na kuigiza mhusika mkuu ni Jacques Tati, ambaye kabla ya sinema alikuwa akichekesha watu jukwaani kwa kuigiza wanamichezo bila kusema neno.

Humo yeye ni François, mpeleka barua wa kijijini, mrefu kama mlingoti, mwenye sharubu na baiskeli kuukuu. Siku ya sherehe inakuja na bembea la farasi wa mbao na hema la sinema. Hemani inaonyeshwa filamu kuhusu posta ya Marekani, ambako barua husafirishwa kwa ndege na kila mtu ana haraka. Wanakijiji wanamnywesha François na kumtania mpaka yanamwingia. Kesho yake anaamua kusambaza barua kwa mtindo wa Kimarekani. Baiskeli ni ileile.

Sasa tazama tukio la nyuki. Kamera iko juu, mbali. Karibu nasi kuna mkulima shambani, na kule chini François anapita barabarani. Tunasikia mlio wa mdudu, mara François anaanza kupunga mikono kama aliyepandwa na shetani. Mlio unahama, yeye anatulia, na mkulima ndiye anayeanza kupunga. Kisha mlio unarudi chini, na François anaanza upya. Nyuki mwenyewe, kama ni nyuki kweli na si nyigu, hatumwoni hata mara moja. Ni sauti tu na watu wawili wanaopokezana wazimu, wala kamera haisogei karibu kutuonyesha pa kuchekea. Kicheko unakitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo futuhi ya vitendo si lazima iwe filamu bubu. Wahusika wa Tati wanaongea, ila maneno yao mengi ni kunung'unika tu, na asiyejua Kifaransa hapotezi sana. Waliokua wakimtazama Mr Bean wanaujua mchezo huu, na Rowan Atkinson, aliyemwigiza, mwenyewe amekiri kwamba Tati alimwathiri.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kijiji kinavyoshiriki. François akikimbia peke yake barabarani ni mtu mwenye haraka tu. Anachekesha kwa sababu pembeni yupo bibi mwenye mbuzi asiye na haraka yoyote. Kuna mahali anashikilia nyuma ya lori linalokwenda, anageuza ubao wa nyuma wa lori kuwa meza na kugonga mihuri barua huku bado yuko juu ya baiskeli. Posta nzima imehamia barabarani!

Filamu ilipigwa mwaka 1947 katika kijiji halisi, Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati ya Ufaransa, eneo ambalo Tati alijificha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wanakijiji wenyewe wakaigiza. Alitaka hata rangi zichekeshe. Milango ya kijiji ilipakwa kijivu na watu wakavishwa nguo za giza, ili rangi ziingie na wenye bembea na kuondoka nao. Alitumia kamera mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe kama akiba, na akiba ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu mtambo wa rangi ulishindwa kutoa nakala. Tati alifariki mwaka 1982. Kijiji chake cha kijivu, na bembea la rangi likiingia, vilionekana kwenye sinema mwaka 1995, baada ya binti yake Sophie kusaidia kuifufua ile filamu ya kamera ya kwanza.