Kostiki soda ikikurukia, achana na ndimu

Wale wa viwanda vya sabuni hii mnaijua, mtu akirukiwa na kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, mkononi utasikia tu "leteni ndimu, leteni siki, asidi inaikata!" Kwenye karatasi kweli asidi na kostiki zinauana, ila kwenye ngozi zikikutana zinatoa joto, yaani unaungua mara ya pili, halafu mpaka ndimu ipatikane kostiki ishakula nyama.

Maana hii kitu haikai juujuu. Ile kazi inayofanya kwenye pipa, kugeuza mafuta kuwa sabuni, ndo hiyohiyo inaifanya kwenye mafuta ya mwili wako, ndo maana ukigusa unahisi utelezi kama umepaka sabuni, na maumivu saa nyingine yanachelewa so mtu anaendelea na kazi kabisa.

Dawa ni maji ya bomba, mengi, yanayotiririka, dakika 20 hadi 30 au zaidi, huku unavua nguo, saa na pete. Ikiwa chengachenga kavu ipukute kwanza, ndo umwage maji. Ikiingia jichoni osha papo hapo, kope wazi, kisha hospitali. Na dawa ya meno usipake bana, inaziba tu kidonda.