Hizi Hela Nani Kawapa Ruhusa Wazikate?

Katika mafunzo ya historia tuliyofanya Newala, bibi mmoja alifungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi ya korosho. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi wino umefifia kwenye mikunjo. Akaweka kidole kwenye makato: "Mwanangu, hizi hela nani kawapa ruhusa wazikate?"

Swali hilo liliwahi kumtoa mfalme roho. Huko Uingereza, Charles wa Kwanza aliamini madaraka yake yametoka kwa Mungu, akatoza kodi bila Bunge. Wenye ardhi na wafanyabiashara wengi wakakataa. Vita ikazuka, na mwaka 1649 akakatwa kichwa. Mwaka 1689 sheria ikatamka kwamba hakuna kodi bila ridhaa ya Bunge, na mwanafalsafa John Locke akaeleza kwa nini: watu huunda serikali ili ilinde uhai, uhuru na mali zao, hivyo haiwezi kuchukua mali hiyo bila wao kukubali. Ubepari ulikuwa unakua, na aliyetia mtaji wake kwenye meli alitaka uhakika kwamba mfalme hataamka kesho akamnyang'anya. Uhalali wa dola ukaanza kupimwa kwa ulinzi wa mali na mikataba.

Ila aliyeulizwa ridhaa ni mwenye mali. Locke huyohuyo alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza watumwa. Na mwaka 1776, Wamarekani walipojitangazia uhuru baada ya kukataa kodi za Bunge la Uingereza wasilo na mwakilishi ndani yake, Mfaransa aitwaye Morice alitiliana saini na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Mkataba ulikuwepo, saini zilikuwepo, na mali yenyewe ni binadamu. Kila nikifundisha habari za Locke, nafundisha na mkataba huu siku hiyohiyo.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani pamoja na ushuru wa forodha. Wenye hisa wa Berlin wakawa serikali ya Lindi na Mikindani bila mtu wa huku kuulizwa. Septemba mwaka huohuo mawakala wao walitimuliwa miji yote miwili. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa hapa hapa kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili: haoni sababu ya kumtii, kama ni urafiki yuko tayari, lakini kuwa chini yake hawezi. Kwangu mimi barua ile ni hoja ya uhalali wa dola, na ina uzito sawa na ya Locke.

Leo Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo tuliipitia stakabadhi mstari kwa mstari. Ushuru wa halmashauri una sheria nyuma yake. Mchango wa chama cha msingi cha ushirika si kodi. Nguvu yake ni uamuzi wa wanachama wenyewe. Mstari mmoja ulisema tu "mengineyo". Nikamshauri bibi akaombe muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha hayo mengineyo.

Akaikunja stakabadhi, akamgeukia jirani yake kumuuliza mkutano ujao ni lini.