"Nyumba ya Mlimani Haina Unyevu" na Mengine Tunayoaminishana Mwanza

Mtu akipata kiwanja kule juu Isamilo, Bugando au Mabatini, pongezi ya kwanza huwa hii: umekaa juu ya jiwe, mambo ya unyevu waachie watu wa bondeni. Kati ya kauli zote za nyumbani zinazozunguka jijini hapa, naona hii ndiyo inayokula fedha za watu zaidi, maana mwenye kuiamini hununua makochi na makabati kabla hajauliza maji ya mvua yanapita wapi.

"Jiwe halina unyevu"

Jiwe kweli halinywi maji, na shida inaanzia hapo hapo. Udongo uliolala juu yake ni mwembamba, unashiba upesi. Maji yakikosa pa kuzama yanateleza chini kwa chini kufuata mteremko, na kinachoyasimamisha mara nyingi ni msingi wa nyumba yako. Ndiyo maana ukuta wa upande wa mlimani hutoa ule unga mweupe karibu na sakafu na rangi yake huvimba, wakati ukuta unaotazama ziwa ni mkavu kabisa. Unga ule ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ndani ya ukuta. Maji yanakauka, chumvi inabaki.

Hapo utasikia ushauri wa pili: piga rangi ya mafuta, itaziba. Haizibi. Unyevu unatoka ndani kuja nje, na rangi ya mafuta inaufungia njia tu, kwa hiyo unaisukuma mpaka inatoka malengelenge. Kibaya zaidi, ukuta unaonekana mzuri kwa muda, fundi analipwa, anaondoka. Msimu wa mvua unaofuata yanarudi yale yale.

Kabla ya kununua hata debe moja la rangi, chukua kipande cha nailoni angavu ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea mbele, upande wa chumba, tatizo ni mvuke wa kupikia na kuanika nguo ndani, fungua madirisha. Kama ni ukuta, fedha ya rangi ihamishie nje: mfereji upande wa mlimani unaozungusha maji kando ya nyumba, gata za bati, na sakafu ya zege kuzunguka msingi yenye mteremko wa kutoka ukutani. Kisha uache ukuta ukauke, jambo linalotaka wiki kadhaa na uvumilivu ambao mafundi wengi hawana.

Kwa sasa, kabati lisigusane na ukuta huo. Acha nafasi ya ngumi na uliinue juu ya vipande vya mbao. Makabati ya mbao za unga uliogandamizwa yakinywa maji miguuni yanavimba, na hata yakikauka hayarudi kama yalivyokuwa.

"Shawa ikikupiga shoti kidogo ni kawaida"

Si kawaida hata kidogo, na sijui nani alianza kututuliza hivyo. Shawa ya umeme ikikutekenya mkono unapogusa koki, umeme unavuja na haupati njia nzuri ya kwenda ardhini. Waya wa ethi upo kwa ajili hiyo. Sasa rudi kwenye jiwe letu: fundi anagonga ardhini ile fimbo ya shaba inayounganishwa na waya wa ethi, inafika kwenye mwamba kabla ya nusu, inagoma. Wengine wanaikata kichwa, wanafukia na kuaga. Jiwe kavu linapitisha umeme vibaya mno, kwa hiyo una ethi kwa macho tu.

Zipo njia. Fimbo kadhaa zinaweza kuwekwa mbalimbali palipo na udongo na kuunganishwa, au utepe wa shaba ukalazwa ndani ya mtaro mrefu. Ila mwambie fundi apime kwa mita mbele yako na akuonyeshe namba. Akisema "hii iko sawa, mzee, usijali" bila kupima, tafuta mwingine. Mpaka hapo shawa izimwe, muoge maji ya kuchemsha jikoni.

"Mninga hauliwi"

Unaoshinda mchwa ni moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia. Pembeni mninga una mbao nyeupe, na hiyo inaliwa kama mbao nyingine. Baadhi ya maseremala huipaka rangi ya mninga na kuiuza pamoja. Kwa hiyo pindua meza, tazama chini ambako msasa na vanishi havikufika. Kwenye makochi omba uone fremu kabla ya kitambaa kupigiliwa. Anayekataa kuonyesha keshakujibu.

Na mlango ukikwama wakati wa masika, usikimbilie kuita randa. Mbao imevimba kwa unyevu wa hewa. Ukiiranda Aprili, kiangazi utakuwa na mwanya wa kupitisha panya.

"Bati geji 32 ni nene kuliko 28"

Kinyume chake. Namba ikipanda, bati linakonda.

"Wale wadudu wa ziwani wanaleta malaria"

Mawingu yale yanayotoka ziwani jioni na kujaa kwenye taa za Kirumba hadi Capri Point hayaumi mtu. Yanachafua kuta na kuziba taa, basi. Dawa ya kupuliza utamaliza makopo bure. Zima taa ya baraza, au weka ya njano. Malaria inaletwa na mbu aina ya anofelesi, ambaye hana haja ya kuja kwa makundi ukamwona, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani hata jioni ambayo hujaona mdudu.

"Umeme ukirudi, washa friji haraka samaki wasiharibike"

Subiri dakika tano hivi. Kompresa ikilazimishwa kuanza wakati mgandamizo wa gesi haujatulia inahangaika, na umeme unaorudi mara nyingi huwa wa kupanda na kushuka. Hapo ndipo kifaa cha kulinda friji kinapolipa gharama yake. Samaki wenyewe hawana haraka hiyo. Friza iliyojaa sangara, mlango ukibaki umefungwa, inashika barafu takriban saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Upande wa friji wa kawaida ni saa 4 tu, kwa hiyo anza na maziwa na mboga za jana, na wakataze watoto kufungua friza kila mara kuangalia kama barafu ipo.