Kukagua maungio ya mabomba: kwa nini saa nyingine lazima tutumie mionzi

Ndugu zetu wa Madimba, Msimbati na Mtwara mjini, mkandarasi akianza tu kukagua usiku maungio ya mabomba ya gesi, yaani pale yalipochomelewa, simu zinamiminika, na swali ni lile lile, kwanini msitumie ultrasaundi kama ya wajawazito mkatuacha tulale. Swali zuri, ila njia inachaguliwa na ubovu unaoutafuta, sio kwamba tunapenda mionzi jamani.

Vitundu vya ndani ya ungio picha ya mionzi inavionyesha vizuri, lakini ufa mwembamba ukikaa upande usiofaa inaukosa, hapo ultrasaundi ndo yenyewe. Njia ya unga wa chuma na sumaku ni kwa ufa wa juujuu, tena kwenye chuma kinachoshika sumaku tu. Njia ya rangi ya kupenya, ile inayopakwa ikaingia kwenye ufa, lazima ufa uwe umefunguka nje.

Kuna kazi ngumu kuliko hizi zetu. Huko Ufini makopo ya taka za nyuklia ni ya shaba nene kama sentimita 5, na mfuniko unachomelewa taka zikiwa tayari ndani. Sumaku haishiki shaba, filamu ya kupigia picha ya mionzi ndani huiweki, kopo lenyewe linatoa mionzi kwahiyo fundi hasogei na rangi yake. Inabidi mashine za kuendeshwa kwa mbali, na ultrasaundi nayo inasumbuka chembe za shaba zikiwa kubwa, ndo maana wanachanganya njia.

Sasa hapa kwetu mionzi ikitumika, mara nyingi ni ya Iridiamu-192 (madini yanayotoa mionzi), mkandarasi lazima awe na leseni ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, afisa usalama wa mionzi awepo, wafanyakazi wavae vipima mionzi, kamba na taa ziwekwe, na kila baada ya picha wapime kuhakikisha chanzo cha mionzi kimerudi kwenye kasha lake, halafu waandike. Mwananchi asipate zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kutokana na kazi hizi. Mkandarasi akikiuka, Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003 ipo, leseni inafutwa na mahakamani anafika.

Na bomba HALIBAKI na mionzi, gesi ya kupikia haina shida, tumesema sana hili. Shida ni wanaoruka kamba na bodaboda ili warekodi video. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, fundi aliokota chanzo cha Iridiamu akakitia mfuko wa nyuma, akaishia kukatwa mguu. Ukiona kipande cha chuma usichokielewa karibu na kazi hizi usikiguse, rudi mbali, zuia watoto, mwite mtendaji wa kijiji au polisi.