Hasira ya Jumamosi Haimwagwi Kama Maji ya Ndoo

Wiki hii mama mmoja amenipigia simu kuniuliza kama amnunulie mumewe gunia la kupigia ngumi kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo hasimu, Ohio State na Michigan, ili safari hii timu yake ya Ohio State ikipoteza aimalizie hasira pale badala ya kwenye mlango wa gereji. Mlango huo naukumbuka. Mume huyo aliupiga ngumi timu ilipopoteza, akaja ofisini kwangu Jumatatu ya tarehe 2 Desemba 2024, vidole vimevimba hadi pete imezama, na barafu aliyoifunga kwenye taulo ikawa inachuruzika juu ya kiti changu. Hata hivyo mke na mume walikubaliana kwamba ilikuwa afadhali ameitoa kuliko kubaki nayo moyoni ikamletea presha. Mimi ni mshauri nasaha hapa Columbus, Ohio, na kila Novemba inapoisha naletewa imani hiyohiyo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa. Uvumilivu wangu umefika ukingoni.

Kwanza niseme kwamba maumivu yale ni ya kweli, na anayedai kuwa ni mchezo tu hana msaada wowote. Msomaji wa Dar es Salaam aliyeishuhudia Simba ikifungwa 5–1 na Yanga tarehe 5 Novemba 2023 hahitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba huku hakuna utani: watu wa Ohio State huiita Michigan "timu ile ya kaskazini", na katika wiki ya mechi herufi M hufutwa kwa alama ya X kwenye mabango ya chuo. Mnamo tarehe 30 Novemba 2024 Michigan ilifika Columbus ikiwa imeshinda mechi 6 na kupoteza 5, wacheza kamari wakiwa wameipa Ohio State ubora wa pointi zipatazo 20, kisha ikashinda 13–10 kwa mkwaju uliopigwa zikiwa zimesalia sekunde 45. Kilikuwa kipigo cha nne mfululizo mikononi mwa mpinzani yuleyule.

Sasa hebu tuitazame hoja ya kutoa hasira. Inaichukulia hasira kama maji ndani ya ndoo, kwamba ukiinamisha ndoo yatapungua. Kama ingekuwa hivyo, siku ile wasingekuwapo watu watulivu zaidi duniani kuliko wachezaji wenyewe, waliokuwa wamegongana kwa miili yao yote kwa dakika 60 za saa ya mchezo. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wa Michigan walitaka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja, juu ya herufi O ya Ohio State, wakavamiana na wenyeji wao hadi polisi wakalazimika kupuliza dawa ya pilipili. Ndoo gani hiyo isiyokwisha maji?

Jaribio ninalolirudia hadi wateja wangu wanapiga miayo ni la mwaka 2002, la mwanasaikolojia Brad Bushman, ambaye baadaye alihamia hapahapa Chuo Kikuu cha Ohio State. Wanafunzi wapatao 600 walichokozwa kwa kutukaniwa insha walizoandika. Baadhi walipiga gunia huku wakimfikiria aliyewatukana, wengine wakalipiga huku wakifikiria afya zao, na kundi la tatu likakaa kimya kwa dakika chache. Waliomfikiria mchokozi ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, na waliokaa kimya ndio waliokuwa wapole zaidi walipopewa nafasi ya kulipiza. Kiswahili kinalo neno zuri kwa jambo hili, nalo ni kucheua. Ng'ombe hucheua majani ili yalainike, lakini shabiki akicheua mkwaju wa sekunde 45 unazidi kuwa mgumu, na akicheua huku anapiga ngumi, mwili wake unajifunza kwamba wazo lile na ngumi ile huenda pamoja.

Hapo ndipo ninapokatizwa na kuambiwa kwamba mtu hujisikia vizuri baada ya kupiga. Naam, hujisikia vizuri, hata mimi nimewahi. Lakini kufarijika kwa dakika moja si hasira kupungua, na kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kunakonikera kuliko ujinga mtupu. Mwaka 2024 mtafiti Sophie Kjærvik na Bushman walikusanya matokeo ya tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba yanayopunguza hasira ni yale yanayoutuliza mwili, kama vile kupumua polepole na kulegeza misuli, na kwamba kukimbia, ambako madaktari wengi hukusifu, kulielekea kuiongeza.

Nakiri kwamba nina shaka yangu. Wateja wangu kutoka Kongo huenda kwaya siku ya Jumapili, wakaimba na kucheza hadi jasho linawatoka, miili ikiwa imewaka moto, na Jumatatu hufika wakiwa laini kuliko wale niliowafundisha kupumua. Labda ni wimbo, labda ni wenzao, labda ni kwa sababu hakuna aliyeitaja Michigan kwa saa tatu.

Jambo moja sitalifanyia mzaha. Wanauchumi David Card na Gordon Dahl walionyesha mwaka 2011, kwa mechi za ligi ya kulipwa ya mchezo huu, kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda inapopoteza, ripoti za wanaume kuwapiga wake au wapenzi wao nyumbani huongezeka kwa takriban asilimia 10, hasa karibu na mwisho wa mechi. Kinachoumiza zaidi ni kipigo kisichotarajiwa. Kwa hiyo, mama, ukiona dalili, usilete gunia; chukua watoto, nenda kwa jirani mapema, kabla ya robo ya nne.

Kuna pia suala la viambishi. Utafiti maarufu wa mwanasaikolojia Robert Cialdini wa mwaka 1976 uliona kwamba wanafunzi husema "tumeshinda" timu yao inaposhinda, lakini "wamepoteza" inapopigwa, na kwamba jezi za chuo huvaliwa zaidi baada ya ushindi. Zamani niliwashauri watu waivue jezi na kujitenga kidogo. Siku hizi nasita, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kipigo kisemwe kwa kujihusisha, "wametufunga", na nimeona kwamba wanaosema hivyo hutafuta wenzao wa kulia nao, ilhali wanaosema "wamepoteza" hukaa peke yao na simu, wakicheua.

Yule mwenye mlango wa gereji aliona timu yake ikichukua ubingwa wa taifa tarehe 20 Januari 2025, kwa kuifunga Notre Dame 34–23, siku 51 tu baada ya ngumi ile. Alikuja wiki hiyo akiwa na jezi na furaha tele. Nilimuuliza mkono unaendeleaje. Akaukunja, akaufungua, akasema, "Lakini Michigan walitufunga."